Wageni wa Chai wa Edwin Pobjoy

Edwin Pobjoy wa kijiji cha Pedlecombe alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa, ukiacha lile goti lake la kulia: hakuweza kumwambia mtu hapana. Neno lenyewe alilijua, ila kila akitaka kulitoa lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Kwa ugonjwa huo aliimba kwaya ya kanisa miaka thelathini na mmoja, na sauti yake ilifaa zaidi kufukuzia kunguru, kwa sababu tu mchungaji mmoja, marehemu siku nyingi, alimwuliza mlangoni, "Edwin, utatusaidia Jumapili?" naye hakuuliza Jumapili ngapi. Kwa ugonjwa huo huo alifuga bata tisa wa jirani aliyehamia Kanada. Na ndio uliomwoza Mavis, maana Mavis ndiye aliyeuliza, tena katikati ya dansi ya mavuno, watu wote wanasikia: "Sasa wewe, tunaoana au hatuoani?" Kati ya zile ndiyo zote alizowahi kuzitoa, hiyo hakuijutia hata siku moja.

Kazi yake ilikuwa kusuka nyua. Miaka arubaini na minne alishika mundu, akapanda na kushuka vilima vile akikata mashina ya miti ya miiba nusu unene, akiyalaza bila kuyavunja, akiyasuka baina ya vigingi mpaka kondoo akose pa kupenyeza hata pua. Ukisimama juu ya kilima ukitazama bonde lote la Pedlecombe, mashamba yamekatwakatwa vipande kama shuka la viraka, basi mishono mingi unayoiona ni ya mkono wake. Goti lilipogoma, aliitundika ile miundu bandani, akakaa.

Mavis alifariki miaka minne kabla ya mambo haya. Sebule ya mbele Edwin aliiacha vile vile kama alivyoiacha mkewe: meza tatu ndogo zenye vitambaa vya kudarizi, ambazo kina mama walikuwa wakichezea karata siku za Alhamisi, sahani za maua ukutani, na vikombe vyembamba kumi na viwili vinaning'inia kwenye kulabu. Mwenyewe aliishi jikoni. Sebuleni alipita asubuhi kufungua mapazia na jioni kuyafunga, kwa adabu, kama mtu anayepita katikati ya mkutano. Na nyumba hiyo, kwa bahati yake, ndiyo ya kwanza kuikuta ukiteremka kwa njia ya miguu kutoka vilimani.

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba mvua ilinyesha tangu alfajiri, ile mvua ya kwao isiyopiga kwa nguvu wala isiyokoma, kama mtu anayenung'unika chini kwa chini. Edwin alikuwa jikoni, miguuni soksi tu, moja ya kijivu na moja ya kahawia, akila mkate, kipande cha jibini na kitunguu cha siki. Akasikia mlango wa mbele unafunguka. Alipochungulia aliwaona watu wawili asiowajua, mume na mke wa makamo, wamelowa chapachapa, wanavua makoti yao na kuyatundika.

"Desmond, hebu tazama vikombe!" alisema yule mwanamke. "Sikukwambia? Hivi ndivyo vyenyewe. Siyo ile mikahawa ya barabara kuu, chai kwenye karatasi!"

Mume alijibwaga kitini, akanyoosha miguu, akamwona Edwin amesimama mlangoni na kitunguu mkononi.

"Habari za mchana, mzee. Chai ya watu wawili, tafadhali. Na skonzi, kama zipo."

Mtu mwingine angesema, "Bwana, hapa ni nyumbani kwangu." Maneno matano tu. Edwin alifungua kinywa ayaseme. Kilichotoka kilikuwa, "Ndiyo," na kwa kuwa alilelewa vizuri, akaongeza, "Na maziwa?"

Majani ya chai yalikuwapo. Maziwa yalikuwapo. Ila skonzi ya mwisho kuokwa katika jiko lile aliioka Mavis. Edwin alisimama akilitazama birika likianza kuvuma, akafikiri, kisha akatoka kwa mlango wa nyuma, akaruka ukuta mdogo, akakata katikati ya makaburi ya kanisa mbio, yaani mbio kwa kadiri goti lilivyoruhusu, mpaka mlango wa nyuma wa Muriel Stallard.

Muriel ndiye aliyekuwa na mkahawa wa chai hasa, ng'ambo ya kanisa. Alikuwa mjane wa miaka sitini na sita, mpana wa mabega, mwenye sauti ya kumwita ng'ombe aliye bonde la pili.

"Edwin Pobjoy! Kuna nini, nyumba inaungua?"

"Skonzi," alisema Edwin akihema. "Nne. Na jamu."

"Za kula wewe?"

"Ndiyo."

"Zote nne?"

"Ndiyo."

Muriel akamtazama kuanzia kichwani, akashuka taratibu mpaka miguuni, pale soksi mbili za rangi mbili zilipokuwa zimegeuka matope matupu. Mwanamume amekuja mbio kwenye mvua, hana viatu, kwa ajili ya skonzi zake. Mumewe Bernard, Mungu amrehemu, hakuwahi kuharakisha hata kwenda kwenye harusi yake. Akamfungia tano.

Wageni walikula, wakasifu, wakauliza habari za njia na vilima. Edwin alijibu alichoulizwa na si zaidi. Alimsikia mwanamke, ambaye jina lake lilikuwa Rosalind Thackray, akimnong'oneza mumewe, "Hana maneno mengi, lakini zione soksi! Huyu ni mtu halisi." Walipoondoka aliona wameacha pesa chini ya kisahani. Alizitazama kama mtu aliyeona panya kwenye sahani, akazipeleka kanisani akazitumbukiza zote kwenye sanduku la ukarabati wa paa.

Alidhani yamekwisha. Kumbe kina Thackray walilala usiku ule katika nyumba ya wageni kijiji cha pili, na asubuhi Rosalind akaandika kwenye daftari la wageni nusu ukurasa juu ya "mkahawa mdogo usio na kibao, chini ya njia ya vilimani, wa mzee asiyejua kujidai." Waliofuata wakasoma. Jumatatu wakaja watu watatu. Jumatano wawili na mbwa. Alhamisi alikuja mwanamume peke yake, akaomba supu, na Edwin akampa supu yake mwenyewe aliyokwisha kuanza kuinywa. Na kila mara ilikuwa njia ile ile: mlango wa nyuma, ukuta, makaburi, Muriel.

"Leo nimekuwekea za moto," alisema Muriel wiki ya pili. Midomo yake ilikuwa na rangi nyekundu, jambo ambalo Pedlecombe haikuliona tangu kutawazwa kwa askofu. "Zipo sita. Ule ushibe, umekonda."

"Ndiyo, Muriel."

"Mimi sielewi, Edwin. Watembezi mwaka huu ni wengi, nawaona wanateremka makundi makundi. Lakini wakifika hapa kwangu wote wameshiba! Wanaagiza maji. Sasa mtu ametembea maili nane, anashibia wapi? Wanakula majani?"

Edwin akapaliwa na mate yake mwenyewe, Muriel akampiga mgongoni kwa huruma, na kofi lenyewe lilimsindikiza mpaka kaburi la tatu.

Kijiji cha nyumba thelathini hakina siri. Baa ya Clive Bessant ilikuwa ikitazama makaburini moja kwa moja, na Clive alikuwa na kazi ya kusafisha bilauri iliyomwachia macho yake nafasi.

"Edwin," alimwita Ijumaa jioni, watu wote wakanyamaza ili wasikie vizuri. "Skonzi sita kwa siku, na suruali bado inakuvuka. Hebu tuambie, zinakwenda wapi?"

"Tumboni."

"Tumboni! Wenzangu, mmemsikia? Mimi nilidhani zinakwenda moyoni."

Baa nzima ikaangua kicheko. Edwin akawa mwekundu kuanzia kola mpaka kipara, na katika Pedlecombe hakuna kiapo kinachoshinda hicho. Jumapili yake mchungaji, mama mmoja kijana aitwaye Philippa, alimshika mkono mlangoni kwa muda mrefu kuliko kawaida na kumwambia kwamba Mungu huleta faraja kwa njia tusizozitarajia. Edwin akasema, "Ndiyo."

Ikafika Jumamosi ya tatu. Kina Thackray, ambao waliishi pembeni mwa Birmingham na kila wiki walipata sababu ya kurudi, safari hii walileta wenzao watano wa chama chao cha kutembea. Watu saba, jozi saba za mabuti zimepangwa mlangoni. "Chai ya saba, mzee wetu, na skonzi kama kawaida!" alipiga kelele Desmond, ambaye siku hizi hakuagiza kama mgeni bali kama mpwa.

Edwin akavaa viatu, akaenda mbio. Mlango wa Muriel ulikuwa umefungwa. Alibisha. Alibisha tena. Akachungulia dirishani, jikoni hapakuwa na mtu. Alingoja kwa muda, amekaa juu ya kaburi la mfua chuma mmoja wa zamani, kisha akarudi mikono mitupu akitunga maneno ya kuomba radhi. Alipita jikoni kwake, akasukuma mlango wa sebule, akayasema yote kwa pumzi moja kabla hayajampotea:

"Samahanini sana, leo skonzi hazipo, Muriel amefunga."

Kisha akamwona Muriel. Alikuwa ameketi meza ya katikati, baina ya Rosalind na Desmond, gauni la buluu, kofia ya Pasaka, na juu ya mapaja yake sinia lililofunikwa kwa kitambaa. Alikuwa amechoka kungoja mwanamume yule aseme neno; ameamua kuja mwenyewe, kwa mlango wa mbele, kama mtu na heshima zake, kunywa naye chai. Na alipoingia, kabla hajapata kushangaa, Rosalind alimvutia kiti.

"Huyu sasa ndiye mwenye mkahawa, mama," Rosalind alimweleza kwa wema. "Usikate tamaa, mwishowe huzipata tu. Skonzi zake hutazisahau. Siyo kama zile za kwenye mkahawa wa karibu na kanisa. Desmond alizila mwaka jana, akasema zingefaa kuezekea nyumba."

"Kuezekea," alisema Muriel polepole. Sauti ile ya mabonde mawili ilikuwa imeshuka chini kabisa, na waliomjua wangekwisha kutoka nje. "Edwin. Waambie hawa watu skonzi wanazokula zinatoka wapi."

"Kwa Muriel."

"Na Muriel ni nani?"

Edwin akamwonyesha kwa kidole.

"Na hapa ni wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwangu."

Saa ya ukutani ikasikika. Rosalind akatua kikombe chake. "Unataka kusema," aliuliza kwa sauti nyembamba, "hapa siyo mkahawa?"

"Hapana," alisema Edwin.

Neno lilimruka kama kizibo cha chupa. Yeye mwenyewe aligeuka kutazama ni nani aliyelisema.

Fedheha iliyofuata haielezeki kwa mtu ambaye hajaishi na watu wale. Wote saba walisimama mara moja. Desmond alimwomba radhi Edwin, akamwomba Muriel, akageuka na, kwa kuchanganyikiwa, akaiomba ile saa. Bibi mmoja alianza kukusanya vikombe akavioshe. Na bwana mmoja mwembamba, aliyekuwa amefika na biskuti zake mfukoni na alikuwa anaila moja kimya kimya, aliirudisha nusu yake mfukoni kana kwamba hiyo nayo ameiiba.

"Lakini kwa nini hukutuambia?" Rosalind alikaribia kulia. "Wiki tatu!"

"Hamkuuliza," alisema Edwin. "Mliagiza."

Sisi Waswahili tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Muriel Stallard hakuwahi kuisikia methali hiyo maishani mwake, ila alifika pale pale kwa njia yake.

"Kaeni kimya wote," aliamuru. "Radhi zenu hazijazi kikapu. Mmekula kwa mtu Jumamosi tatu. Si mnasema mnapenda mashamba? Basi mashamba yana kazi. Ua wa nyuma ya nyumba hii haujaguswa miaka minne, umekuwa kama nywele za mlevi. Edwin, lete miundu."

Edwin angeweza kukataa, sasa kwa kuwa njia ilikwisha kufunguka. Lakini aliangalia mikono ya wale saba, myeupe, laini, na kitu fulani ndani yake kikaamka kikajinyoosha. Akaenda bandani.

Mvua ilikuwa imeacha kidogo. Ukungu ulikuwa umekalia kilima kama paka, na kondoo wa shamba la jirani walikuja mmoja mmoja wakajipanga kutazama. Edwin aliwaonyesha mara moja: pigo moja la mlazo chini ya shina, mti ukainama wenyewe kama mtu anayesalimia mkubwa, umeshikwa na ganda tu, hai. Kisha akawakabidhi zana, na hapo ndipo Pedlecombe ilipompata Edwin ambaye haikuwa ikimjua.

"Hapana! Desmond, huo ni mti, siyo soseji! Usiukatekate, ulaze!"

"Hivi, mzee?"

"Hapana! Unaupiga kama umekutukania mama. Chini zaidi. Ganda ndilo linalobeba uhai, ukikata ganda umeua. Haya. Haya, pole pole. Hapana!"

"Mimi je, Bwana Pobjoy?" aliuliza Rosalind, nywele zimejaa vijiti.

"Wewe unauhurumia. Mwiba hauna haya, mama, ukiuonea huruma unakuchoma. Ushike shingo!"

Mchungaji Philippa, aliyekuwa akipita na baiskeli yake kwenda kumwona mgonjwa, alisimama njiani akasikiliza, akadhani kuna mtu mwingine anayefanana sauti na Edwin. Clive alitoka kwenye baa na bilauri yake na kitambaa, akasimama langoni, akasahau kuifuta. Desmond aliteleza akaingia mferejini mpaka kiunoni, na alipoibuka uso wake ulikuwa umejaa tope na furaha ya mtoto. "Rosalind, nipige picha kabla sijajipangusa!"

Saa kumi jioni jua, ambalo halikuonekana siku nzima, lilikuja kuaga chini ya mawingu. Walikuwa wamesuka hatua kumi na mbili za ua. Saba zilikuwa za aibu, na Edwin aliwaambia hivyo bila kuficha. Lakini tano zilisimama, na kondoo mmoja aliyejaribu kupenyeza kichwa alikitoa akarudi kwa wenzake.

Muriel alikuwa amekaa langoni muda wote, kofia ya Pasaka kichwani, akimtazama. Sasa akafunua sinia. Walikula wamesimama, kwa mikono yenye damu na tope, malai na jamu vikiwatiririka videvuni.

"Mama," alisema Desmond mdomo umejaa, "nakula kiapo, mwaka jana hazikuwa hivi. Umebadilisha unga?"

"Unga ni ule ule," alisema Muriel. "Njaa ndiyo nyingine."

Walipoondoka wakiimba kupandisha kilima, wawili wale walibaki langoni. Edwin alikuwa anapangusa mundu kwa nyasi, akiupangusa pale palipokwisha kuwa safi.

"Sasa niambie," alisema Muriel, hamtazami. "Kijiji kizima kinanicheka. Ulikuwa unakuja kwa ajili ya skonzi tu?"

"Mwanzoni."

"Na baadaye?"

Edwin aliutundika mundu kwenye lango. "Baadaye nikaanza kuvaa viatu."

Muriel alikikunja kitambaa cha sinia mara nne. "Kesho saa saba," alisema. "Nina nyama ya kondoo. Usichelewe, mimi chakula changu hakingoji mtu."

Kuhusu watembezi, hawakukoma. Kina Thackray walirudi Jumamosi iliyofuata na zana zao wenyewe, mpya zinang'aa, ambazo Edwin alizikagua akasema zinafaa kukatia siagi. Msimu ule wote wa baridi walikuja, na wengine nyuma yao, wakawa wanasuka nyua asubuhi na kunywa chai kwa Muriel mchana, na wakulima wa bonde zima, ambao hapo kale waliwaona watembezi kama mvua ya mawe, walianza kuwavulia kofia.

Lakini hiyo kesho yenyewe, saa saba, Edwin hakuchelewa. Alifika saa sita kasorobo, kwaya ameitoroka kabla ya wimbo wa mwisho, suti ya kijivu, viatu vimepakwa rangi. Alipoona ni mapema mno kubisha, na ni aibu kurudi nyumbani, akasimama kando ya nyumba ya Muriel, mikono nyuma, akijifanya anakagua. Kanisa lilitoka. Watu walipita wawili wawili, kila mmoja akimwamkia kwa heshima iliyozidi. Clive akasimama.

"Edwin, umepotea?"

"Natazama ua."

"Edwin, huo ni ukuta wa mawe."

"Naona," alisema Edwin. "Umejengwa vizuri."

Clive akaendelea na njia yake mabega yakimtikisika. Juu yao dirisha likafunguka kwa kishindo, harufu ya nyama ya kuoka ikamwagika barabarani, na ile sauti ikalia mpaka kunguru wakaruka kwenye mnara.

"Pobjoy! Utasimama hapo mpaka uote majani? Ingia ndani, uje unimenyee viazi!"

Edwin alivua kofia, akapangusa viatu kwenye zulia la mlangoni zaidi ya ilivyohitajika, akaingia.